Ovaroli ya Twiga

9 Februari

Wifi yangu,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, ila mimi sina subira ya kuingojea. Huku tuko salama. Goti la kukanyagia cherehani linalalamika asubuhi, likishapata joto linanyamaza. Mwenye nyumba amepaka rangi ukuta wa mbele, ule unaoonekana barabarani. Wa nyuma ninakolala mimi ameuachia Mungu.

Sikupigii simu tena. Kambini kwenu huko shambani mtandao mnaupata mkipanda juu ya tangi la maji, na siwezi kumpandisha mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano juu ya tangi ili aniambie "hatujambo". Tuandikiane. Dereva wa lori la nyanya hupita hapa karakanani kila akileta mzigo mjini. Nimemwambia barua zetu zikipotea nitamshonea suruali ya mguu mmoja.

Sasa fungua kifurushi. Hiyo ni ovaroli ya mume wako, huyo Twiga wangu. Ile aliyopewa shambani naijua, ni pamba tupu. Pamba ni nzuri kwa kwendea sokoni, lakini ukiimwagia dawa ya wadudu inainywa yote na kuifikisha kwenye ngozi. Hiki ni kitambaa kipya tunachoshonea mashamba makubwa, nimeomba mabaki. Kina utando juu yake ambao huuoni kwa macho. Mwagia maji uone, yanajikunja vidonge vidonge na kudondoka kama juu ya jani la mgomba. Mapajani na mikononi nimeweka tabaka mbili, maana pampu ya mgongoni ikivuja huvujia huko. Mkata nguo wetu alipoona kipimo cha miguu aliniuliza kama namvalisha nguzo ya umeme.

Mtoto huyo nimemlea tangu mama afariki, hajui hata kufunga kifungo. Sina mwingine. Na sasa, baada ya miaka yote mliyongoja, mnaniletea wa kuniita shangazi! Wifi, mtunze Twiga na uitunze hiyo nguo. Nikija nikaikuta na doa nitakurudisha kwenu mimi mwenyewe.

Wifi yako mkorofi


27 Februari

Shikamoo wifi,

Mkorofi umejiita mwenyewe, mimi sijasema kitu. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha mara moja ikatuonyesha bati linavuja wapi, kisha ikaenda zake. Kaka yako anakusalimu. Kalamu kwake ni nzito kuliko pampu, ndiyo maana naandika mimi.

Nguo ilifika. Aliivaa kabla hata ya kunawa, akatoka nje akajimwagia kikombe cha maji kifuani mbele ya majirani. Maji yakadondoka yote. Basi akarudia, na wanaume wakaja kujaribu, mpaka msimamizi akauliza kama hii ni kambi au sarakasi. Sasa wapulizia dawa wenzake wanamwita rubani.

Kuhusu doa, usijisumbue, hutaliona. Wanawake wengine humu wanaloweka ovaroli za waume zao siku ya mapumziko tu. Mimi kila jioni. Anaivulia mlangoni, naipokea, naitia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, halafu brashi. Mapajani nasugua mpaka bega linaniuma. Maji ya kwanza yanatoka meupe kama maziwa na harufu yake inakaba koo, hayo namwaga. Ya pili natumbukiza na shuka zetu humohumo, kwa kuwa bomba ni moja kwa kambi nzima na maji ni ya kugombea. Jirani anasema mume wangu anakwenda kupulizia dawa kama anayekwenda harusini. Nimejisikia vizuri, siwezi kukudanganya.

Vidole ndivyo vinawasha na ngozi inabanduka. Sabuni za siku hizi kali. Mtoto anacheza sana.

Wifi yako


20 Machi

Wifi yangu msafi,

Barua yako nimeisomea karakana nzima. Nikawaambia, mnaona? Mdogo wangu hakuoa, aliokota dhahabu. Endelea hivyohivyo. Vidole vipake mafuta ya mgando kabla ya kulala, mimi pia sindano zimenitoboa mpaka nikinywa maji naona kama nitavuja.

Nimeanza kushona vya mtoto. Sijui ni wa kike au wa kiume, nimeamua rangi ya manjano ili asije akanilaumu. Kofia tatu, fulana sita, na kigauni kimoja cha bahati nasibu. Mkata nguo anasema nimechanganyikiwa. Mwambie huyo mtoto asiharakishe, shangazi yake bado anapinda.

Twiga anakula? Anakohoa? Umeniandikia habari za majirani na bati, za ndugu yangu mstari mmoja.


6 Aprili

Shikamoo wifi,

Anakula. Kukohoa anakohoa kidogo, na siku za kupulizia anarudi kichwa kinamgonga. Lakini nguo anaisifu. Mwanzoni ilikuwa ngumu, inamkwaruza shingoni, sasa kwa kufuliwa imekuwa laini kama shati la zamani. Anasema hata joto limepungua.

Mimi miguu imevimba, na usingizi sipati. Muuguzi wa zahanati anasema ni kawaida kwa mimba ya kwanza. Tutamwuliza nani mwingine?

Pokea salamu za tumbo. Limetangulia mbele yangu kila ninapokwenda.


18 Mei

Wifi,

Nimeandika mara mbili, umenyamaza mara mbili. Dereva nikimwuliza anaangalia viatu vyake. Nikamwambia, "Wewe, wifi yangu amejifungua?" Akasema, "Mama, mimi nabeba nyanya."

Kama ni mapacha na mnaogopa kunishtua, semeni tu. Kama mmekasirika, nimekosa nini? Kifurushi cha nguo za manjano kiko tayari, nimekifunga kwa utepe.

Niandikie japo neno moja.


2 Juni

Shikamoo wifi,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Huku mvua zimekwisha, wamefungua shamba jipya upande wa mto, kwa hiyo wapulizia dawa wanatoka mapema zaidi. Jirani yetu wa kulia amehama. Bati limezibwa.

Hicho kifurushi usikitume.

Mtoto hakukaa. Ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Alikuwa wa kike. Nisamehe kwa kunyamaza, nilikuwa nikishika kalamu nasahau hata jina la mwezi. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, na wewe usiniulize.

Kaka yako anakwenda kazini kama kawaida. Nguo zake ni safi.


19 Juni

Wifi yangu, mwanangu,

Siulizi. Nimelia mpaka fundi mkuu akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani, na nyumbani nikalia mpaka mwenye nyumba akagonga mlango. Pole, mama. Neno lenyewe dogo, lakini sina jingine. Ningekuja, ila nimekumbuka huna nafasi ya kupokea mgeni sasa, hata mgeni wa kulia naye. Ukiniita nitakuja siku hiyohiyo.

Kula. Usibebe maji. Lala mchana, na atakayekuita mvivu mtume kwangu.

Kuna jambo dogo la kazi nisije nikalisahau. Juzi alikuja bwana mmoja wa kiwandani, wale wanaotengeneza hiki kitambaa, kutufundisha. Anasema brashi haifai, inakwangua ule utando, na dawa za kung'arisha vilevile. Basi brashi iacheni. Nimemwandikia Twiga barua yake mwenyewe kuhusu hayo mambo ya nguo na mengine ya sisi ndugu. Wewe usijishughulishe na ufuaji kwa sasa. Pumzika tu, yeye ana mikono.

Nakukumbatia.


11 Julai

Shikamoo wifi,

Afya yangu inarudi. Nimeanza kutembea mpaka zahanati bila kupumzika njiani. Mama yangu ametuma salamu kwako, na pole kwa kumpoteza mtoto wenu.

Nataka kukuuliza kitu, na nakuomba unijibu kama mwanamke mwenzangu, usinijibu kama dada wa mume.

Tangu barua yako imfikie kaka yako, hataki niguse nguo zake. Mwanzo nilidhani ananihurumia. Akivua ovaroli haileti tena ndani, anaiacha nyuma ya stoo ya pampu. Amenunua beseni lake na glavu ndefu za mpira. Anafua mwenyewe pale bombani mbele ya watu, wanaume wanamcheka, naye anainamisha shingo na kusuuza. Juzi nikamfuata.

"Lete nikufulie."

"Acha."

"Kwani nimefanya nini?"

"Nimesema usiiguse!"

Nilinyoosha mkono, akaruka nyuma kama vile nimeshika kaa la moto. Watu wote wa bombani waligeuka kututazama, ndoo zikifurika. 

Nyumbani hanisogelei mpaka aoge, akishaoga analala kwenye mkeka chini, anasema kitanda ni kidogo. Kitanda hichohicho cha miaka yote. Nikilia anatoka nje. Jirani ameniambia nisishangae, kuna wanaume wanaoamini mke aliyezaa maiti ana nuksi mikononi, na kila anachogusa kinaharibika. Nikasema mume wangu hana akili hizo. Lakini wifi, nimekaa nikafikiri, ni kitu gani kingine?

Ulinitania utanirudisha kwetu nguo ikiwa na doa. Sasa inaonekana nitajirudisha.

Kwenye barua uliyomwandikia, ulisema nini?


25 Julai

Wifi yangu,

Huyo jirani mwambie akafue midomo yake. Nuksi! Mdogo wangu nimemlea mimi, sikumfundisha upuuzi. Yeye ni mtu wa kimya, tangu utoto akiumia anaingia uvunguni mwa kitanda na hatoki mpaka aitwe na njaa. Mpe muda.

Na mwanamke gani anayelalamika mume anapofua? Hapa karakanani nimewaeleza wanawake wakasema wanamtaka aje awafundishe waume zao. Shukuru.

Barua ile ilikuwa ya mambo ya kitambaa, kama nilivyokueleza. Hakuna kibaya kukuhusu. Goti langu limeanza tena, baridi. Kula vizuri.


8 Agosti

Wifi,

Sikuuliza kama nishukuru. Niliuliza ulisema nini.

Kesho naondoka, nakwenda kwa mama. Sijamwambia. Atakuta chakula mezani.


14 Agosti

Wifi yangu,

Barua hii nimeielekeza kwa mama yako, dereva amenihakikishia ana mwenzake anayepita njia hiyo. Sina salamu. Nisikilize tu, na ukimaliza kuisoma unaweza kuichana.

Twiga hakukuchoka. Mimi ndiye niliyemwambia asikuruhusu kugusa nguo, na mimi ndiye niliyemwambia asikueleze kwa nini. Alinijibu, ndiyo, yeye mwenyewe kwa kalamu yake, mstari mmoja: "Dada, nimfiche mpaka lini?" Nikamwambia avumilie. Analala mkekani kwa sababu anaogopa sumu iliyomo kwenye nywele zake na ngozi yake isikufikie. Anaruka nyuma kwa sababu hiyohiyo. Anatoka nje ukilia kwa sababu akibaki atasema.

Yule bwana wa kiwandani alikuja baada ya barua yako ya msiba. Alitandika vipande viwili mezani, kimoja kipya, kingine kilichosuguliwa kwa brashi muda mrefu. Akadondosha tone kwenye kile kipya, likakaa juu linang'aa. Akadondosha kwenye kingine, likazama kama kwenye udongo mkavu. Akasema kitambaa kikiwa laini kama shati la zamani ujue kimeshakufa. Maneno yako hasa, wifi. 

Wenzangu walipotoka kunywa chai nikabaki naye. Nikamwuliza, "Na anayefua?"

"Anafua nani?"

"Mke."

"Kwa mashine?"

"Kwa mikono. Kila jioni. Na shuka humohumo."

Akaacha kukusanya vitu vyake. Akasema hayo maji meupe ndiyo dawa yenyewe, inatoka kwenye nguo inaingia kwa mfuaji. Nguo hizo zinatakiwa zifuliwe peke yake, kwa glavu, na hasa shambani kwenyewe, zisifike nyumbani kabisa. Akaniuliza, "Huyo mke ana mimba?" Nikasema hana. Na siku ile ilikuwa kweli.

Nilimbana. Nikamwambia, sema basi, ndiyo sababu? Akasema hakuna mtu duniani awezaye kuapa, hata daktari, watoto hufia tumboni kwa mambo mengi na mengine hayajulikani. Inaweza kuwa ndiyo. Inaweza kuwa siyo. Nilitaka jibu moja kati ya mawili hayo, ili hata usingizi niukose kwa uhakika, hakunipa.

Nikafikiri, nikikuambia nitakuua. Nikinyamaza utaendelea kutia mikono kwenye beseni. Nikaona nimpe Twiga mzigo, yeye ana mabega. Nilidhani nimetafuta njia ya katikati, kumbe nimekufanya uamini mume wako anakuona nuksi. Kati ya kukuacha uamini hivyo na kukuambia haya, nimechagua haya, na sijui kama nimechagua vizuri.

Ulikuwa unasugua kwa mapenzi. Hakuna aliyekuambia. Mimi fundi wa nguo hizo sikuwa najua, nikakupigia makofi. Wenye shamba waliojua hawakujenga hata chumba cha kuvulia.

Mlaumu unayemtaka, na mimi nikiwemo. Mikono yako tu usiilaumu.


30 Septemba

Shikamoo wifi,

Barua yako ilichelewa, ilizunguka na lori la watu wengine. Nimekuwa nayo wiki hizi zote. Mama hajambo, baba hajambo, macho yake tu yanasumbua. Wamenipokea vizuri mno, wananipa sahani ya kwanza kama mgonjwa.

Niliisoma jikoni. Nikairudia. Halafu nikainuka nikaosha mikono kwa sabuni, nikaosha tena, mama akaniuliza umeshika nini, nikasema sijashika kitu.

Bora ungeniacha niamini hanipendi. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama, na bado naiacha ilivyo. Kuachwa na mwanaume kunauma, lakini wanawake wameachwa kabla yangu na wanajua la kuniambia. Hili la sasa hakuna anayejua la kuniambia. Kila jioni, wifi. Nilikuwa nikisugua huku namwimbia. Nilikuwa namwambia angalia baba yako atakavyopendeza kesho.

Nimekukasirikia kwa kunificha, halafu nikakukasirikia kwa kuniambia. Nimemkasirikia msimamizi aliyekuwa akinipita pale bombani kila jioni, anajua kilichomo kwenye beseni, ananisalimu, "Mama, kazi nzuri." Huyo sijamaliza naye. Wewe nimemaliza nawe juzi hivi, nilipokumbuka ulivyobaki nyuma wenzako wakinywa chai, kuuliza swali ambalo hukutaka jibu lake. Ningekuwa mimi ningekwenda kunywa chai.

Kaka yako amekuja. Amesafiri siku nzima, akafika akakaa kwenye kibenchi cha baba cha kukamulia ng'ombe, magoti yakamfika kifuani. Akasema, "Nimekuja." Nikasema, "Nimekuona." Baba akatuacha. Kuku wakawa ndio wanaongea.

Akasema, "Wewe hukujua. Mimi nilikuwa nakuona unafua, na kichwa changu kinauma kwa dawa ileile, sikuunganisha." Nikamwambia asianze, maana akianza na mimi nitaanza, na giza litatukuta palepale.

Kisha nikamwuliza kitu ambacho sijawahi kumwuliza. Mimi wifi sikumwona mtoto wangu. Nilikuwa nimezimia, na nilipoamka alikuwa amekwisha kuchukuliwa, na kaka yako ndiye aliyembeba kutoka zahanati mpaka kaburini, peke yake, maana wenzake walikuwa zamu. Miezi yote hii sikuuliza kwa kuwa niliona hataki hata kunitazama. Nikamwuliza, "Alikuwaje?"

Akaniambia alikuwa na nywele nyingi mpaka masikioni. Vidole virefu. Kisha akasema, "Alikuwa na paji la uso la dada." Nikamwambia endelea, akaendelea. Alisema na mambo mengine, hayo nimeyaweka moyoni.

Kesho narudi naye. Usifikiri nimepoa. Hapa kwetu kila mtu ni mwema kwangu, lakini mtu aliyemwona ni yeye peke yake.

Wifi yako